Acha ya Kapteni Jaswant

Mwezi uliopita nilikaa tena kwenye meza ya mvule katika nyumba ya Kapteni Jaswant, Jinja, na mzee akaninyooshea kikombe cha chai ya tangawizi. Nilikishika, lakini yeye hakukiachia. Nami sikukivuta. Tulikaa hivyo, mikono miwili kwenye kikombe kimoja, mvuke ukitupanda usoni, huku wajukuu wake wawili waliokuja likizo kutoka ng'ambo wakitutazama kama watu waliopatwa na kitu.

"Yako," akasema mzee.

"Yangu," nikasema.

"Yako," akasema tena, na ndipo akaondoa vidole vyake.

Mjukuu mkubwa, ambaye amesoma Kiswahili kidogo chuoni huko aliko, alitaka kujua kwa nini babu yake hasemi "chako", maana kikombe ni kikombe. Bibi Harjit, mke wa mzee, alimjibu bila kugeuka kutoka jikoni kwamba katika nyumba hii kila kitu ni "yako": kikombe, sufuria, funguo za gari, hata mtoto mchanga. Kisha akacheka kicheko kile kile nilichokisikia mezani hapo nikiwa msichana. Nikaona ni wajibu wangu kuwaeleza vijana hao chanzo chake, na kwa kuwa niliwaeleza vizuri, kama ninavyofanya mambo yangu yote, nimeamua kuandika.

Kwa wasionijua, mimi ni Kapteni Nambozo. Diploma yangu ya urubani imo ndani ya fremu ya kioo kwenye ukuta wa sebule yangu, Industrial Division, Mbale, katika nyumba niliyoijenga nikiwa kazini Juba na Lodwar, na baadaye ng'ambo ya bahari. Nimetua kwenye mchanga na kwenye matope, na mara moja nilitua kwenye barabara ya lami, mbele ya lori la soda ambalo dereva wake alinipisha kwa adabu kubwa. Siringi bure. Kila ninachojivunia kimeandikwa kwenye daftari langu la safari na kugongwa muhuri. Mambo ya ukoo wetu nayaacha. Inatosha kusema kwamba nilikulia katika nyumba za askari magereza pale Mbale, ambako Mgisu, Mwacholi na Mteso walielewana kwa Kiswahili, na kwamba sikubebwa na mtu. Lakini mwaka ninaousimulia sikuwa na muhuri wowote. Nilikuwa mwanafunzi wa urubani katika shule ndogo kando ya uwanja wa ndege wa Jinja, na kwa miezi kadhaa ya mwaka huo nilijulikana mtaa mzima wa Kimaka kwa jina la "Yule Anayeachia".

Nilipanga chumba nyuma ya nyumba ya fundi cherehani, Kimaka, chenye dirisha moja lililotazama uwanja. Asubuhi niliamshwa na tarumbeta ya chuo cha wanajeshi, kisha cherehani ikaanza kunguruma ukutani kama injini isiyotaka kushika moto. Kwenye ukuta huo huo nilichora kwa chaki saa zote za ndani ya ndege, ya mwendo, ya kimo na ya upande, kila moja mahali pake, nikaweka kigoda mbele yake, nikashika mfuniko wa sufuria kuwa usukani. Kila jioni niliruka kwenda Mbale na kurudi bila kuondoka chumbani. Mwenye nyumba akipita na nguo za wateja alinichungulia na kuuliza, "Rubani, leo kuna mvua huko juu?" Nami nilimjibu kwamba iko, lakini nitapita pembeni. Nilikula roleksi moja asubuhi, yaani chapati iliyoviringwa na mayai, na jioni samaki wa Wanyange, kule ziwani, kama wavuvi walikuwa wamepata, au mihogo kama hawakupata. Sikuona taabu yoyote. Nilikuwa nimekwisha kuwatangazia watu wa Mbale, mmoja mmoja na wengine kwa makundi, kwamba kabla mwaka haujaisha wangeniona nikipita juu ya mapaa yao peke yangu.

Mkufunzi wangu wa kwanza alipata kazi kwingine, nikapewa Kapteni Jaswant. Alikuwa Singasinga aliyezaliwa Jinja, akaondoka na wenzake enzi za utawala wa kijeshi, akarudi ndevu zikiwa zimeanza kuwa nyeupe. Naye alikuwa mtu wa kurudi, kama mimi leo, na nadhani ndiyo maana alikuwa na haraka na kila kitu. Alivaa hedseti, vile visikizio vya redio, juu ya kilemba kidogo cheusi, ameivuta hadi tundu la mwisho, na bado sikio moja lilikuwa likichomoka tukipiga kona. Kiingereza tulikiweka kwa ajili ya redio. Ndani ya ndege alizungumza Kiswahili, kwa sababu, alisema, mwanafunzi akishikwa na hofu kitu cha kwanza anachosahau ni Kiingereza. Watu wengi wa Jinja wakisikia Kiswahili walikumbuka bunduki za wanajeshi waliokizungumza. Yeye alikumbuka gereji ya baba yake, na ni Kiswahili cha gereji alichokizungumza, chenye spana na grisi ndani yake. Changu kilikuwa cha magereza. Nilimwita afande siku ya kwanza na hakunikataza.

Siku iliyonizalia jina lile tulikuwa tunazunguka uwanja. Unapaa, unageuka, unaliona ziwa upande wa Wanyange likimetameta, unageuka tena, unashuka, unatua, na kabla magurudumu hayajatulia unapaa upya. Mara nne nilitua vibaya. Naandika hili kwa shida, lakini nimeahidi kusema kweli: wiki mbili nilizokuwa na Kapteni Jaswant sikuwa nimefanya jambo moja la kumfurahisha. Mara ya tano kila kitu kilikaa sawa. Upepo ulitulia, mwendo ukawa ule unaotakiwa, pua ya ndege ikaelekea pale nilipoiambia. Tulivuka ua wa uwanja, urefu wa mvule mmoja kutoka ardhini, na nilijua kwamba ninafanya vizuri. Ndipo nikasikia sauti yake sikioni, katikati ya mngurumo: "Acha, acha."

Nikaacha.

Asiyekulia katika nyumba za askari hawezi kuelewa. Kwetu "acha" haikuwa neno la kujadili. Mtu mzima akisema acha, unafungua mikono kwanza, na kama kuna sababu utaijua baadaye. Nilitoa mikono yangu yote miwili kwenye usukani nikaiweka mapajani, nikasubiri kuona afande atafanya nini. Naye, nilikuja kujua, alikuwa ameweka yake mapajani tangu zamani, ametulia kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu anijue, anatazama mwanafunzi wake akitua. Kwa muda wa pumzi mbili au tatu ndege ile ilikuwa na marubani wawili na haikuendeshwa na mtu. Ndege ndogo ikiachiwa haianguki kama jiwe, inafikiri kwanza. Ikainua pua kidogo. Ikainamisha bawa la kushoto, kama mtu anayetaka kusikia jambo linalosemwa chini. Kisha ikaanza kuanguka kweli, na Kapteni Jaswant akapiga kelele kwa Kipunjabi, akakamata usukani, akasukuma nguvu zote za injini, tukagonga ardhi kwa gurudumu moja, tukaruka kama mbuzi, tukapaa. Hedseti yake ilikuwa imemwangukia shingoni. Akatuzungusha, akatua mwenyewe, akasimama mbele ya banda na kuzima injini.

"Kwa nini wewe naachia usukani?" akauliza, polepole sana.

"Umesema niache, afande."

"Mimi nasema nini?"

"Umesema acha. Mara mbili."

"Mimi hapana sema hiyo!"

"Ndiyo, afande."

"Ndiyo nini? Ndiyo nimesema au ndiyo sijasema?"

"Ndiyo, afande."

Alishuka akaenda kutazama gurudumu, akalizunguka mara tatu. Mimi nilibaki kwenye kiti nikiamini kwamba mzee mzima anakana maneno yake mchana kweupe. Yeye, alivyoniambia baadaye, aliamini kwamba nimeingiwa na hofu na sasa namsingizia. Mkuu wa shule, mtu mwembamba asiyeachana na kalamu yake nyekundu, aliandika kwenye faili langu mstari mmoja: Anaachia usukani karibu na ardhi. Alitaka nifungashe virago siku ile ile. Kapteni Jaswant, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kunitetea, akamwomba anipe muda. Wakakubaliana: kama mvua zikiisha sijaruka peke yangu, nirudi Mbale na masomo yangu yaishie hapo. Nilisikia yote nikiwa nje ya dirisha, nikijifanya nafuta kioo cha ndege kilichokuwa safi.

Habari haikuchukua siku mbili kuenea. Langoni kulikuwa na mlinzi, Okello, mwanajeshi mstaafu kutoka Kitgum, aliyekuwa akinifungulia kila asubuhi kwa saluti. Siku ya tatu alishika lango nusu, akanitazama kwa huzuni ya uongo.

"Rubani, nishike ao niachie?"

"Fungua lango, afande Okello."

"Mimi nauliza tu. Sisi chini hapa tuko na watoto."

Aliyevumbua suluhu ni Bibi Harjit, na aliivumbua kwa chapati. Jumapili moja Kapteni aliniita nyumbani kwake kula chakula cha mchana. Nafikiri alitaka kunitazama mahali ambapo siwezi kumuua. Chumba chao cha kulia kilikuwa na dari ya juu, feni iliyozunguka kwa kusitasita, na kabati la vioo lililojaa vikombe visivyotumika. Kulikuwa na dengu, wali, achari ya embe iliyonitoa machozi, na chapati laini kama leso. Simu ililia pembeni ya meza. Kapteni akaipokea, alikuwa ndugu yake anampigia kutoka Nairobi. Mimi nilikuwa nimekata kipande cha chapati, nimekichovya kwenye dengu, nakipeleka mdomoni.

"Acha," akasema Kapteni kwenye simu.

Nikaweka kipande sahanini. Nikasubiri. Aliendelea kusikiliza, hanitazami. Nikachukua tena kipande changu.

"Acha, acha."

Nikakirudisha. Sasa nilianza kuona haya, nikidhani pengine kwao kuna sala ambayo haijasomwa, au nimetumia mkono usiotakiwa. Nilibadilisha mkono. Nikajaribu kwa siri, haraka haraka, na nilipofika nusu ya safari akasema, kwa furaha kubwa, "Acha!" Chapati ikaniponyoka ikaangukia bakuli la achari.

"Binti," Bibi Harjit akaniambia kwa upole, "chakula iko mbaya?"

"Hapana, mama. Chakula ni kizuri sana."

"Sasa kwa nini unaweka chini kila saa?"

"Mzee anasema niache."

Bibi alinitazama. Akamtazama mumewe, ambaye wakati huo huo alikuwa anamwambia ndugu yake acha nyingine, ndefu, yenye pumzi nyingi mwishoni: achhaa. Nikaona uso wa mama yule ukibadilika. Kwanza alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Kisha akacheka mpaka akashika meza, na vikombe vya kabatini vikacheka pamoja naye. Kapteni alikata simu akauliza kuna nini, na mkewe akamweleza kwa Kipunjabi, akinyoosha kidole kwangu, kwenye chapati, kwenye simu. Mzee hakucheka. Alibaki amekaa, mkono kwenye ndevu, na rangi ya uso wake ikapungua.

"Achha," akaniambia hatimaye, akilitamka taratibu kama mtu anayenionyesha kisu kwa upande wa mpini, "kwetu maana yake vizuri. Sawasawa. Endelea hivyo hivyo. Siku ile wewe ulikuwa natua mzuri sana. Mimi nilikuwa nafurahi."

Nimepata sifa nyingi maishani, nyingine zikisomwa mbele ya watu na kupigiwa makofi. Hakuna iliyonifikia kwa kuchelewa na kwa hatari kama hiyo.

Alasiri ile hatukuondoka mezani mpaka tumetunga sheria. Anayetoa usukani atasema "yako". Anayepokea, akiwa ameshika, atasema "yangu". Aliyetoa atasema "yako" tena, na hapo tu ndipo ataondoa mikono; anayetaka kuuchukua ataanza yeye na "yangu". Neno jingine lolote, kwa lugha yoyote, halimpi mtu ruhusa ya kushika wala kuachia. Tulijifunza kwa bakuli la dengu. Bibi Harjit akawa mkali kuliko sisi: alinipa sufuria ya moto kwa kitambaa, nikasahau kusema "yangu", na yeye akaishikilia tu, vidole vikiungua, akinitazama mpaka nikakumbuka. Miaka yote niliyofundisha wengine, na wanafunzi wangu leo wanaruka katika nchi ambazo wengi wetu tunazisikia redioni, nimeanza na sufuria ya moto.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo mambo yalinyooka, lakini tulikuwa tumeponya ulimi wake tu. Wangu ulikuwa bado. Ugonjwa wangu uliitwa "ndiyo, afande", na ulijulikana tulipokwenda Mbale. Tulifuata barabara ya Iganga, kisha ile ya Tirinyi, tukavuka kinamasi cha Mpologoma ambacho kutoka juu ni kijani mpaka macho yanachoka, na mbele ikajitokeza Wanale, mwamba wetu, na maporomoko yake kama uzi mweupe. Moyo wangu ulijaa. Kapteni alikuwa ananiuliza malewa hupikwa vipi, maana amesikia tu. Nilimwambia kwamba ni machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, yanapikwa kwa karanga, na kwamba hakuna mtu nje ya Mbale anayejua kuyapika. Tukageukia uwanja wa nyasi. Kutoka mbali kabisa niliona ng'ombe watano wamesimama katikati ya njia ya kutua. Nikasema moyoni, afande amewaona. Nikaendelea kushuka, na ng'ombe wakaendelea kukua. Nikaona pembe, na mmoja akageuza kichwa kututazama. Kapteni alipaza sauti, "Yangu!" nami nikajibu, "Yako!" naye akasema, "Yangu!" na tukapita juu ya migongo yao tukipanda, sheria yetu ikiwa imetimia neno kwa neno.

"Umeona ng'ombe?" akauliza tulipofika juu.

"Ndiyo, afande."

"Tangu lini?"

"Tangu barabara ya Tirinyi."

Tulizunguka mpaka mchungaji alipowaondoa, tukatua, tukaenda kula malewa katika kibanda ambacho mwenyewe alinijua tangu mdogo na kuniita Rubani kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia. Kapteni alimaliza sahani ya kwanza. Katikati ya ya pili akaweka kijiko chini.

"Mimi sikuona hiyo ng'ombe," akasema.

"Lakini afande, walikuwa mbele yetu."

"Mimi nilikuwa naangalia wewe. Mkono yako, mguu yako, macho yako. Hiyo ndiyo kazi ya mimi. Wewe naangalia nje. Sasa wewe ukiona na kunyamaza, nje hakuna mtu. Iko ndege mbili ndani ya ndege moja, moja haina macho, nyingine haina mdomo."

"Nilidhani ni kukukosea heshima."

"Heshima gani? Ya kuniingiza ndani ya ng'ombe?"

Mwenye kibanda akaangua kicheko, na nikajikuta nacheka nami, ingawa masikio yalikuwa yanawaka. Kapteni akapiga marufuku "ndiyo, afande" kuanzia siku hiyo. Angani, alisema, kuna naona, sioni, nashika, na hapana. Hiyo ya mwisho ndiyo atakayoisubiri.

Nilipewa kazi ya kusema kila ninachoona, na kazi nikipewa naifanya. Kimaka, Wanyange, mashamba ya miwa, kote nilikuwa nasema. Naona mtumbwi. Naona moshi wa kiwanda. Naona mtu anaanika dagaa wa mukene. Naona mfuko wa upepo umegeuka. Naona afande Okello amelala. Kapteni aliomba Mungu wake anipunguzie macho. Lakini "hapana" haikutoka. Mara mbili au tatu alifanya kosa dogo, sijui kwa kusudi au kwa uzee, na kila mara nilisikia neno likipanda mpaka kooni na kuketi hapo. Mvua zikaanza kupungua. Mkuu alipita bandani kila asubuhi, akitazama mbingu kabla ya kunitazama mimi.

Asubuhi ya mwisho wa wiki ile mbingu ilikuwa safi kabisa, na sikuwahi kuuchukia uzuri wa hali ya hewa kama siku hiyo. Mkuu alisimama mlangoni akasema, "Kapteni, naona zimeisha." Kapteni akajibu kwamba bado kuna wingu moja upande wa Kenya. Tukapaa. Tulizunguka mara mbili, vizuri tu. Mara ya tatu, tukiwa tunapanda kuelekea ziwani, akasema, "Geuka kulia sasa." Nikatazama kulia kabla ya kugeuza, na pale, chini kidogo ya bawa, kaloli walikuwa wanapanda na joto la jalala, wale korongo wakubwa wenye upara, kumi au zaidi, wakizunguka polepole kama wazee wanaotafuta viti. Mikono yangu ilikuwa imeanza kutii. Neno likapanda kooni, likaketi, kama kawaida yake.

"Geuka kulia!" akarudia, kwa sauti ya amri.

"Hapana, Kapteni!" Nilishtuka mwenyewe kwa ukubwa wa sauti, hata fundi cherehani kule chini angeweza kunisikia. "Naona kaloli kulia. Naenda mbele. Usukani ni yangu!"

Tulikwenda mbele. Kaloli walipita upande wetu, mmoja akinitazama kwa jicho la kudai kodi. Nilijua kwamba nimempigia kelele mzee, na kwa mara ya kwanza sikuomba radhi. Kisha nikageuka nilipoona pamekuwa salama, nikashuka, nikatua. Kapteni aliniambia nisimame mwisho wa njia na nisizime injini. Akavua hedseti, akaiweka kitini, akafungua mlango, akashuka. Aliufunga mlango kwa nguvu, akapiga bawa kofi moja, akaanza kutembea kuelekea bandani bila kugeuka, akishikilia kilemba chake kwa sababu ya upepo wa panga la injini.

Mwezi uliopita, baada ya chai, nilimwuliza kwa mara ya mia moja kama siku ile aliwaona wale kaloli. Sasa anavaa kifaa cha kusikia, na anacho kidole kinachojua kukizima. "Kaloli gani?" akasema. Wajukuu wakacheka. Bibi Harjit akaniambia niache kumsumbua mzee, na mimi na mzee tukainua mikono yetu juu kwa pamoja, kama tulivyozoea, na meza nzima ikaangua kicheko.

Basi siku ile, Kapteni akiwa ameniachia ndege, nilibaki peke yangu mwisho wa njia ya kurukia. Kiti cha pili kilikuwa na hedseti juu yake na hakuna kingine. Niligusa kila kitu kwa utaratibu wa ukuta wangu wa chaki, nikashika usukani, na mdomo wangu, uliokuwa umefundishwa vizuri kuliko nilivyojua, ukasema, "Yangu."

Nikasubiri. Hakuna aliyejibu. Najua ilikuwa upumbavu, lakini miezi yote ile sikuwahi kuondoka bila kulisikia neno la tatu, na mkono ulikataa kusukuma. Sikujua kwamba kidole gumba kilikuwa kimebonyeza kitufe cha redio, wala kwamba bandani redio ilikuwa mezani, Mkuu upande mmoja na kalamu yake, Okello mlangoni, na Kapteni Jaswant ndiyo kwanza anaingia akihema. Nilisikia mkwaruzo, kisha sauti yake, iliyojaa vumbi la kutembea.

"Yako."

Rubani fulani aliyekuwa mbali huko juu akauliza kwa Kiingereza ni kitu gani hicho na ni cha nani. Nilisukuma nguvu za injini, ndege ikakimbia nyepesi kuliko siku zote kwa kukosa uzito wa mzee, na ardhi ikaniacha. Niliona mtumbwi. Niliona moshi wa kiwanda. Niliyasema yote kwa sauti, kwa ajili ya kiti. Nikageuka, nikageuka tena, nikaziona paa za Kimaka na mlangoni pa banda Okello akipiga saluti iliyonyooka kama kijiti. Nikavuka ua, urefu wa mvule mmoja kutoka ardhini, upepo umetulia, pua ya ndege ikielekea pale nilipoiambia.

"Achha," ikasema sauti sikioni. "Achha, achha."

Nikashika kwa mikono miwili, na sikuachia mpaka magurudumu yaliposimama.